Luqmani Haleti Mvua

Luqmani Shomari alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Nyasho, mjini Musoma, na kwa miaka mingi aliamini kwamba yeye ni mkimbiaji mzuri. Baada ya swala ya alfajiri alivaa raba, akashika barabara ya kandokando ya ziwa, akaenda mpaka Makoko na kurudi. Barabara ile ni tambarare kama sinia. Asubuhi upepo wake ni mwanana, jua halijachangamka, na watu wanaokwenda Mwigobero kununua samaki wanakusalimia kwa heshima. Mvua ikinyesha, Luqmani alivua raba na kurudi kulala. Hakuona kosa lolote hapo.

Kosa alikuja kuliona Bunda. Kulikuwa na mbio zilizoishia juu, kwenye mwinuko wa kuelekea Balili, na siku hiyo upepo ulivuma kutoka mbele kama vile mtu amefungua mlango na kusahau kuufunga. Mjini chini Luqmani alikwenda vizuri. Alipoanza kupanda, miguu yake ikawa ya mtu mwingine, tena mtu asiyempenda. Ndipo alipopitwa na mwanaume aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye madumu ya maziwa.

Mwanaume huyo hakuwa kwenye mbio. Alivaa yeboyebo za plastiki na sweta la shule lililokatwa mikono. Alipofika usawa wa Luqmani alisema, "Pole na kazi," akaendelea kupanda. Waamuzi waliokuwa juu walikuwa wameambiwa wamvishe medali kila anayefika, na hawakuambiwa chochote kuhusu baiskeli. Wakamvisha. Luqmani alifika baadaye, akamkuta amesimama pembeni, ameishika ile medali kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

"Mimi nampelekea mteja maziwa," alisema. "Hii naipeleka wapi?"

Aliitwa Mseti, mtu wa Mugeta. Luqmani alikaa chini kwenye majani, akahema mpaka sauti ikarudi, kisha akamuuliza, "Mazoezi huwa unafanyia wapi?"

"Mazoezi ya nini?"

"Ya kukimbia."

Mseti alifikiri. "Sikimbiagi mimi. Nawahiga tu. Maziwa ikichelewa inaharibikaga."

"Na mvua ikinyesha?"

"Ng'ombe anakamuliwaga hata mvua ikinyesha."

Luqmani alirudi Musoma siku hiyo akiwa ameinamisha kichwa ndani ya basi. Wiki hiyo hakwenda Makoko. Alichomelea mageti, na kila geti alilomaliza alilitazama kwa muda mrefu kama mtu anayetafuta njia ya kupita. Mwishowe akaulizia, akaelekezwa kwa Scholastika Wankyo.

Madamu Wankyo alikuwa amefundisha michezo sekondari mpaka alipostaafu, kisha akarudi kwao Mwitongo, Butiama, kulima mihogo. Alikuwa mwembamba, mrefu, amevaa trakisuti na mabuti ya mvua, na filimbi shingoni ambayo hakuivua hata kanisani. Luqmani alipofika alimkuta na Mseti. Kumbe huyo naye alikuwa ameletwa na mteja wake wa Balili, aliyechoka kusikia habari za medali.

"Shikamoo, madamu," alisema Luqmani. "Nimekuja kujua barabara yangu ina shida gani."

"Marahaba. Inapita wapi?"

Akamweleza: ziwa, upepo mwanana, tambarare mpaka Makoko. Madamu Wankyo alisikiliza kama daktari anayesikiliza mgonjwa anayejisifu.

"Barabara hiyo inakubeba," alisema. "Wewe unadhani unakimbia. Sikiliza. Mlimani kila hatua unanyanyua mwili mzima. Ni kama umebeba mtu mgongoni, na huyo mtu ni wewe mwenyewe. Paja linakuwa gumu, kifundo kinayazoea mawe, mapafu yanajifunza kutafuta hewa mahali ilipo kidogo. Ukishuka kwenye lami unajiona umetua mzigo."

"Na hii ya mvua na upepo?"

"Mbio zinapangwa miezi mingi kabla. Aliyepanga anajua siku hiyo mawingu yataamkaje? Hajui. Sasa wewe ukizoea kurudi kulala kila ikinyesha, siku ya mbio ikinyesha miguu yako itakumbuka kitanda. Mimi ninafundisha kwa sheria mbili. Milimani tu, na hali ya hewa mbaya tu. Siku nzuri mkafanye kazi zenu."

Wakakubali. Mseti alisumbua kidogo mwanzoni, kwa sababu bila baiskeli hakujua mikono yake aiweke wapi. Aliinyoosha mbele, ameshika usukani usiokuwepo, na kwenye kona aliinama kama anayekwepa gari. Madamu Wankyo akampa madumu mawili matupu ayashike. Baada ya muda akampunguzia kuwa chupa, halafu makopo ya nyanya, halafu vijiti, mpaka siku moja akamnyang'anya na vijiti vyenyewe, na Mseti akaendelea kukimbia bila kugundua.

Tatizo lililobaki lilikuwa hali ya hewa. Mwaka ule mvua za vuli zilikuja kwa kuonjesha, zikakaa kimya. Siku zilikuwa nzuri mno, moja baada ya nyingine, na mazoezi yakasimama. Madamu Wankyo hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alikuwa na pikapu ya marehemu mume wake na wanafunzi wake wa zamani walikuwa kila kata. Asubuhi alikaa kibarazani akipiga simu.

"Huko Bugwema kukoje? Kweupe? Haya, pole, endelea na kazi."

Akipiga Mugeta akaambiwa upepo unainua mabati na wingu limekaa kama chungu, uso wake uling'aa. Aliwapigia Luqmani na Mseti, akawachukua barabarani, akaendesha kwa kasi kuliwahi wingu. Mara nyingi waliliwahi. Vijana walishuka, wakaanza kupanda kilima chochote kilichokuwa karibu, na kabla hawajafika juu mvua ilikuwa imeshawalowesha. Basi ikawa hivyo, leo Mugeta, kesho kutwa Bugwema, kwingine kote kukavu.

Mtu anayelima Bugwema hakujua habari za zile simu. Alichokiona kwa macho yake ni pikapu inaingia kijijini, wanaume wawili wanashuka na kuanza kukimbia mlimani bila kufukuzwa na mtu, halafu mvua inanyesha. Wakiondoka, inakatika. Aliona hivyo mara ya kwanza, akaona mara ya pili. Mara ya tatu akamwita jirani.

Ujumbe ulifika Nyasho siku ya jua kali. Walikuwa wazee watatu wa Bugwema na jogoo mmoja mwekundu. Msemaji wao aliitwa Mzee Masatu, mtu mfupi mwenye sauti ya taratibu. Luqmani alizima mashine, akavua miwani ya kuchomelea, akawapa benchi.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanetu. Tumekuja tukuombe ukakimbie kwetu. Mahindi yanakunja majani."

Luqmani alielewa pole pole. Alipoelewa alishtuka, akaanza kueleza: simu, wingu, pikapu. "Sisi ndio tunaifuata mvua, mzee. Mvua haitufuati sisi."

Mzee Masatu alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Mwanangu," alisema, "ng'ombe na ndama wakiingia zizini pamoja, hatuulizagi nani kamleta mwenzake. Tunafungaga mlango."

Wakamwachia jogoo, wakaondoka.

Luqmani alikwenda kwa baba yake, Mzee Shomari, fundi wa kushona kanzu, mtu mcha Mungu asiyependa mizaha. Alimkuta anapima kola. Akamweleza kila kitu, akamalizia kwamba anaogopa ushirikina. Kuna watu wanamwona kama anamiliki mvua.

"Wewe umewaambia kwamba unaileta?"

"Hapana, baba. Nimewaambia siileti."

"Basi kila utakapokwenda, kabla hujanyanyua mguu, waambie hivyo mbele ya watu wote. Sema mvua ni ya Mwenyezi Mungu, wewe ni mkimbiaji. Ukishasema, kimbia. Mazoezi si haramu."

Ulikuwa ushauri mzuri, na Luqmani aliufuata. Madamu Wankyo alikubali kwenda Bugwema hata bila wingu, baada ya kufikiri kwamba jua la saa saba mchana juu ya mawe nalo ni hali mbaya ya hewa, ila watu wameizoea tu. Walipofika walikuta kijiji kizima kimekaa chini ya kilima, akina mama na viti vyao, na ugali wa mtama na sato wa kuchemsha vimefunikwa pembeni. Luqmani alisimama mbele yao, akapandisha sauti.

"Ndugu zangu, mimi sileti mvua. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Mimi ni mkimbiaji tu."

"Amina," wakaitikia wote kwa pamoja.

Wakapanda. Wakashuka. Mbingu ilikuwa bluu kama wino wa kalamu. Wakapanda tena. Watu hawakukasirika, waliwatazama kwa subira, kama unavyotazama maji yaliyo jikoni. Mama mmoja akasema kwa upole kwamba mvua ya maana haiwezi kuja kwa mizunguko michache hivyo. Madamu Wankyo akampa mkono, akasema hata yeye anaona hivyo. Wakaongezewa mizunguko. Jioni, Mseti akiwa anatembea kwa magoti na Luqmani akiwa amesahau jina la mtaa wake, wingu dogo lilikuja kutoka upande wa ziwa likadondosha matone kadhaa, ya kulowesha vumbi tu. Bugwema wakapiga vigelegele, wakafunua ugali.

Tangu siku hiyo maneno yake yakawa sehemu ya kazi. Mahali alipokwenda na kusahau kuyasema, watu hawakumruhusu kuanza.

"Bado hujasema ile ya kwamba huletagi mvua," walimkumbusha. "Sema, tusipoteze siku."

Akajaribu kuyasema kwa ukali, ili waelewe. Wakaona leo anayasema kwa nguvu zaidi, wakafurahi. Akajaribu kuyasema kwa huzuni. Mzee mmoja akalia.

Mugeta nao wakanuna. Mseti ni mtoto wao, walisema, amezaliwa kwao, amekunywa maziwa ya kwao, inakuwaje anakwenda kukimbilia mahindi ya watu na ng'ombe wa nyumbani wanakula udongo? Ikabidi kiitishwe kikao Butiama. Ofisa mmoja aliyekiendesha alisema hapa kuna suala la ratiba na ushirikishwaji wa wadau, kwa hiyo Bugwema wachukue Jumatatu na Alhamisi, Mugeta wachukue Jumanne na Jumamosi, na Ijumaa Luqmani aachwe aende msikitini. Mtu mmoja wa Mugeta akauliza kama Jumatano na Jumapili zilizobaki zinaweza kupigiwa kura. Luqmani alinyoosha mkono, akasimama, akasema yeye haleti mvua.

"Amina," kikao kikaitikia, na ofisa akasema sasa kikao kimefunguliwa rasmi.

Madamu Wankyo alitoka pale amefurahi kupita kiasi. Katika maisha yake yote ya ualimu hakuwahi kupata vijana wanaopanda milima siku nne kwa wiki, kwenye jua, kwenye vumbi, kwenye upepo, huku kata nzima inawasimamia wasitegee. "Serikali haiwezi kununua mazoezi kama haya," alisema.

Shida iliyobaki ilikuwa Musoma. Pale mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki, kuna akina mama wanaoanika dagaa kwenye nyavu na kwenye mawe, na dagaa wakinyeshewa wananuka, wanakuwa chakula cha kuku. Mwenyekiti wao aliitwa Bi Mwanaharusi, mama mpana, mwenye ushungi wa njano na macho yasiyopepesa. Alikuja kwenye karakana na wenzake, wakasimama mlangoni wakaziba mwanga.

"Mwanangu Luqmani, mimi na mama yako tumesoma madrasa moja. Sikuja kugombana. Huko milimani fanya unavyofanya. Hapa mjini usikimbie."

"Mama, mimi sileti..."

"Usilimalizie hilo neno hapa," alisema Bi Mwanaharusi haraka, akatazama juu. "Nakuomba utembee tu. Na kutembea kwenyewe, tembea kama mtu aliyeshiba."

Luqmani alimheshimu mama huyu, tena alikuwa mteja. Akakubali. Ikawa fundi huyu ambaye kule Bugwema hakuruhusiwa kusimama, Musoma hakuruhusiwa kuharakisha. Aliachwa na bajaji aliyoipungia mkono. Alichelewa rakaa ya kwanza. Siku moja mbwa wa mteja alimtoka getini, na Luqmani akapita mtaa mzima wa Nyasho akitembea kwa hatua za kipimo, mbwa ameng'ang'ania suruali yake, akina mama wawili wa dagaa wanamtazama kutoka upande wa pili wa barabara na kumtikisia kichwa kwa shukrani.

Mwisho wa Novemba zikaja mbio za mkoa. Njia ilikuwa kutoka Musoma, kupitia Makutano, kupanda mpaka Butiama. Siku yenyewe iliamka nyeupe, bila hata kishungi cha wingu, na dagaa walikuwa wameanikwa mwaloni kote wakimeta. Luqmani na Mseti walipofika mahali pa kuanzia, wakamkuta Bi Mwanaharusi na wenzake wamejipanga mbele ya utepe.

Mwamuzi alisema mkimbiaji aliyejiandikisha hawezi kuzuiwa kukimbia. Bi Mwanaharusi akasema hamzuii mtu. Anaomba tu vijana hawa wawili watembee mpaka watoke nje ya mji, pale Bweri, baada ya hapo ni shauri lao. Mwamuzi akasema kanuni hazimlazimishi mtu kukimbia, hilo ni kweli. Wote wakamgeukia Madamu Wankyo.

"Watembee," alisema. "Wengi wanajiharibia mwanzoni kwa pupa."

Filimbi ikapigwa. Mamia ya watu wakaondoka kwa kishindo. Luqmani na Mseti wakaondoka kwa miguu ya taratibu, wamezungukwa na akina mama wa dagaa pande zote, wengine na mabeseni kichwani. Walipopita madukani watu walisimama. Mwanaume mmoja alivua kofia, akauliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki. Mwingine akadhani ni harusi, akawafuata mpaka karibu na stendi akitarajia pilau.

Mwendo ule ulimuumiza Luqmani kuliko mlima wowote. Aliwaona wenzake wanapotea mbele, vumbi lao linatulia, barabara inabaki tupu. Alisikia mapaja yake yanatetemeka kwa hamu, kama mbuzi aliyefungwa anayeona shamba. Mikono ya Mseti ilikuwa imerudi mbele, imeshika usukani.

Pale Bweri Bi Mwanaharusi akasimama, akampa Luqmani mkono. "Sasa nenda, baba. Huko mbele hata ukitaka gharika, hiari yako."

Wakakimbia.

Lami ilikuwa nyepesi ajabu. Luqmani alihisi mtu fulani amemshuka mgongoni. Alikwenda hivyo kilomita nyingi akiwapita watu waliokwisha kuanza kutembea, na kila waliyempita, Mseti alimpa pole na kazi. Makutano, pale barabara ya Butiama inapochepuka, Bugwema walikuwa wamejaa upande mmoja na Mugeta upande wa pili. Mzee Masatu alikuwa mbele.

"Sema kwanza," alisema.

"Mzee, niko kwenye mbio."

"Ndiyo maana. Sema upite."

Luqmani akasema bila kusimama kwamba haleti mvua, mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Bugwema wakaitikia. Mugeta wakalalamika kwamba upepo ulichukua maneno, hawakusikia vizuri. Akageuka, akarudia upande wao. Wakaitikia. Na kweli upepo ulikuwa umeanza. Nyuma yao, upande wa ziwa, kitu cheusi kilikuwa kinapanda taratibu.

Kilifika wakiwa wameanza mwinuko. Kwanza upepo uliopiga ubavuni mpaka ikabidi wakimbie wameinama kama wanaochungulia chini ya meza, halafu vumbi, halafu mvua ya mawe, vipande kama punje za mahindi mabichi vikigonga vichwa. Barabara ikageuka mto mwekundu unaoshuka. Mbele yao mbio zilivunjika. Watu waliokuwa wanaongoza, wenye viatu vya rangi rangi, walikimbilia vibarazani, kanisani, chini ya lori lililoegeshwa. Mmoja alimwita Luqmani kutoka chini ya lile lori, "Kaka, njoo ujifiche, itapita."

Luqmani alimsikia, na akaiuliza miguu yake kama inataka. Alitegemea ubishi. Lakini miguu ilikuwa inapanda kama ng'ombe wanaojua wanakopelekwa kunyweshwa, haina habari naye. Kifua kilikuwa kinauma, ila yalikuwa maumivu anayoyafahamu kwa jina. Maji yalimwingia mdomoni. Akacheka, akapaliwa, akaendelea. Huu ndio ulikuwa mchana wake wa kawaida. Hata barafu alishawahi kupigwa nayo Mugeta, tena huku akikemewa aongeze mwendo.

Butiama walifika hakuna mtu. Waamuzi walikuwa wamekimbilia darasani, na bango na nguzo za mwisho wa mbio havikuonekana. Wakadhani bado. Wakapita pale pale palipokuwa mwisho, wakaendelea na barabara, Mseti akisema huenda mwaka huu wameusogeza mbele. Waliingia Mwitongo, wakapita nyumba moja, ya pili, mpaka bibi mmoja aliyesimama mlangoni na kanga kichwani akawauliza wanakwenda wapi.

"Shikamoo, bibi. Tunatafuta mwisho wa mbio."

"Marahaba. Mmechelewa," alisema bibi. "Umepita hapa sasa hivi na upepo. Umeangukia kule kwenye mihogo ya Madamu."

Wakaingia shambani. Na kweli, katikati ya matuta, bango kubwa lililoandikwa MWISHO lilikuwa limelala juu ya mihogo iliyovunjika, kamba zake zikipigapiga. Mseti alisimama ukingoni. Kitambaa kilikuwa cheupe na yeboyebo zake zilikuwa na tope, akaona aibu, akaanza kuzifuta kwenye majani. Luqmani hakuwa na aibu hiyo. Akakanyaga, akavuka, akaketi upande wa pili kwenye maji. Mseti akavuka baada yake.

Mvua ilipopungua, waamuzi walitoka darasani wakitafuta bango, wakafuata nyayo. Kamati ilikaa papo hapo, kwenye matuta. Mmoja alisema mwisho halali ni pale ulipowekwa. Mwenzake akafungua kanuni zilizolowa, akasoma kwamba mshindi ni mtu wa kwanza kuvuka bango la mwisho, na hakuna mahali palipoandikwa bango lazima liwe wapi. Wa tatu akauliza kama mwisho ukihama na mkimbiaji akaufuata, huyo si amekimbia zaidi ya wenzake? Madamu Wankyo alisimama pembeni akihesabu mihogo yake iliyovunjika na kusema kwamba, kwa maoni yake, mwisho uko shambani kwake na ushahidi upo. Wakamtangaza Luqmani wa kwanza, Mseti wa pili.

Halafu wengine wakaanza kufika, wamelowa, na hapakuwa na kitu cha kupita chini yake, kwa sababu nguzo zilikuwa zimevunjika. Kamati ikawaomba washindi wasaidie. Basi Luqmani alisimama upande mmoja wa barabara, Mseti upande wa pili, wakaliinua lile bango zito lenye tope juu ya vichwa vyao, na mbio zote zikapita katikati yao mpaka jioni. Mikono iliuma. Mseti alisema sasa hivi angefurahi kupata baiskeli ya kuegemea.

Zawadi ilikuwa ndama dume. Nyasho hakuna majani, kwa hiyo ndama alikwenda Mugeta kukaa kwa Mseti, na huko watu walimpa maji kabla ya kunywa wao.

Mvua iliendelea. Ilinyesha Bugwema, Mugeta, Butiama, na Musoma nayo ikanyesha. Luqmani alikuwa amepewa mapumziko na madamu wake, akakaa karakanani wiki nzima akichomelea. Siku moja Bi Mwanaharusi alikuja amejifunika mfuko wa nailoni, akakaa kwenye benchi bila kukaribishwa.

"Ulikimbia?"

"Sijakimbia, mama. Uliniona."

"Nilikuona." Akatazama maji yanayotiririka kutoka kwenye bati. Alionekana amechoka kuliko kukasirika. "Sasa hii ni ya nani?"

"Ya Mwenyezi Mungu, mama."

"Hiyo najua. Nauliza ni ya nani."

Luqmani alidhani sasa mambo yatakwisha, kwa kuwa mji mzima umeona kwamba mvua inanyesha na yeye amekaa. Alimpigia simu Madamu Wankyo kumwambia hivyo, lakini madamu alikuwa hawezi kuzungumza sana, yuko kazini. Yuko Bugwema. Kijiji kilikuwa kimekaa kikao na kuamua kwamba si vizuri kumtegemea mtu wa Musoma kwa jambo kubwa kama hili. Akiugua je, akihama je? Wameamua kuwa na wakimbiaji wao wenyewe, na wamemwomba awafundishe. Wamejitokeza wengi, alisema, wanaume kwa wanawake, na wana vifua vizuri sana, kwa sababu ni watu waliozoea kubeba. Asubuhi wanapanda mara kadhaa kabla ya kwenda shambani.

"Wanasema ile ya kwamba hawaleti mvua?" aliuliza Luqmani.

"Wanaimba," alisema Madamu Wankyo. "Kwa sauti tatu."

Mzee Masatu naye anakimbia, na anapanda na koti lake la suti. Madamu Wankyo amemwambia mara nyingi alivue. Amekataa, anasema kule juu kuna baridi, na mtu hawezi kujua atakutana na nani.